Onja Kwanza

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza ya kueleweka leo. Bati limepigwa hadi tukawa tunaongea kwa ishara, na wapita njia wote wamejazana kibandani kwangu wakijidai wana njaa. Kitabu hiki cha tarehe aliniletea mwanangu kutoka mjini, akasema mama uwe unaandika, labda mdomo utapumzika. Basi naanza, maana leo kuna jambo sitaki mdomo wangu uende nalo.

Bernadeta alikuja kunywa uji. Hilo lenyewe si jambo, anakuja kila asubuhi kabla ya kupanda kwenye shamba lake la mdalasini. Tumesoma darasa moja, tumechapwa na mwalimu mmoja, tumezika mama zetu mwaka mmoja. Nikamwekea kikombe chake, kile cha bluu, uji wa mchele wenye tangawizi. Hakukigusa. Akasema, "Onja kwanza."

Nikacheka. Huku kwetu Kinole mwenye komoni au pombe nyingine hupiga fundo la kwanza mbele ya mgeni, tunaita kutoa sumu, ndipo mgeni anywe. Lakini hiyo ni pombe, tena ya mtu usiyemjua vizuri. Nikamwambia, "Shoga, tangu lini uji wangu umekuwa komoni?"

Hakucheka. Akanitazama kooni. Si usoni, kooni. Nikapiga fundo moja. Akasubiri kidogo, kisha akanywa wote mpaka akakomba.

Nimeosha vyombo huku nawaza ni nani aliyemtia hofu. Mtu haamki tu asubuhi akaogopa uji. Kuna mtu.

Ijumaa, 8 Machi

Kuna mtu, na nadhani namjua. Bernadeta ananiambia mjomba wake, mzee Laurenti, anatia kitu kwenye mpira unaomletea maji kutoka chemchemi. Anasema maji yana ladha ya chuma. Ameukata mpira kwa panga, sasa anachota mtoni.

Mzee Laurenti simpendi, na sijaanza leo. Ni mtu wa kukusalimia huku anaangalia nyuma yako. Shamba la Bernadeta lilikuwa la mama yake, na la bibi yake kabla ya hapo, na lina midalasini mikubwa kuliko yote upande huu wa mlima. Bernadeta hana mtoto. Mimi si mjinga.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeingia. Nimefunga kibanda mchana, jioni nitauza futari. Bernadeta ni Mkatoliki, nikampikia uji wake nyumbani. "Onja." Nikatia tone ulimini nikatema, kama wapishi tunavyoruhusiwa. Akakisukuma kikombe. Hakula kutwa.

Jumatano, 13 Machi

Hakula tena. Kwa majirani hawezi, kwake mwenyewe hawezi, na wenye duka anasema wamehongwa. Mkono aliobaki nao ni wangu tu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemeza. Mungu anisamehe, funga hii nitailipa baada ya Idi. Sikumuuliza sheikh Mwinjuma, maana ukiuliza unajibiwa.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Nimeonja.

Jumapili, 17 Machi

Leo nimemwona mzee Laurenti kwa macho yangu. Alikuwa juu ya shamba la Bernadeta, ukingoni mwa korongo, akipigilia vigingi kwa mstari ulionyooka. Nikapanda mpaka alipo, pumzi juu juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Naona unapima."

"Nazuia," akasema.

"Unazuia nini?"

"Mvua hii, ardhi inateleza." Akaangalia nyuma yangu kama kawaida yake.

Hee! Mtu anayezuia maporomoko anapanda majani, anapanda migomba. Vigingi vitupu ni vya mtu anayejiwekea mpaka. Nikateremka moja kwa moja hadi kwa Bernadeta nikamwambia. Akanishika mikono yote miwili. "Umeona mwenyewe? Umeona?" Nikasema nimeona. Alilia kwa furaha kwamba amepatikana mtu mmoja aliyeona. Nami nikafurahi kuwa huyo mtu.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nimeonja.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Nimeonja. Amekonda, sketi anaifunga kwa kamba ya mgomba. Anasema analala akiwa amekaa.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Bernadeta hakwenda kanisani, yeye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mzee Laurenti, anayeimba ya pili, alikuja kwangu misa ilipoisha, tawi bado mkononi.

"Binti yetu anaumwa tena," akasema. "Kama mwaka ule. Nisaidie tumpeleke hospitali."

Mwaka ule naukumbuka. Nakumbuka alivyokuja na wanaume wenzake, wakamfunga Bernadeta kwa kamba za katani, wakampandisha kwenye gari la ndizi, juu ya mikungu, kijiji kizima kinatazama. Alirudi amepona, hilo sikatai. Lakini alama za kamba anazo mpaka leo, na tangu siku hiyo ukitaja hospitali anaficha mikono kwapani.

"Anaumwa nini?" nikamjibu. "Anaumwa shamba?"

Mzee akaondoka na tawi lake. Nikasema moyoni, nimemshika.

Alhamisi, 28 Machi

Sijui nianzie wapi.

Masika ndiyo wakati wa kuchuna mdalasini, kwa sababu gome limelewa maji na linaachia vizuri. Unakata shina dogo, unaacha kisiki kichipue, unalimenya chini. Mti mama ukiwa umesimama humenyi kamwe. Ukiuzungushia kisu pande zote, umeuua. Hata mtoto wa Kinole anajua, na Bernadeta alifundishwa na mama yake kabla hajajua kusuka nywele.

Leo nimekuta ameimenya yote. Midalasini ya mama yake, imesimama uchi kuanzia mizizini hadi mkono wake unapofika, myeupe, inatoa maji. Harufu yake ilinifikia nikiwa bado njiani, nikafikiri kuna mtu anapika pilau. Yeye amepiga magoti kwenye mti wa mwisho, vidole vinatoka damu.

"Nawatafuta," akasema. "Wamewaweka chini ya gome. Nawasikia wanavyonong'ona."

"Nani, Bernadeta?"

"Si wewe mwenyewe uliona vigingi?"

Nikakaa kwenye tope. Mzee Laurenti kama analitaka shamba hili, hawezi kulitaka likiwa maiti. Na kisu kilikuwa mkononi mwa shoga yangu, hapakuwa na mkono mwingine pale. Nimekuwa nikitafuta adui kila mahali isipokuwa ndani ya huyu aliyekuwa akiketi mbele yangu kila asubuhi.

Jumamosi, 30 Machi

Nimekwenda zahanati kwa Glory, muuguzi. Naye simwamini sana. Msichana wa mjini, kucha amepaka rangi, anajibu simu huku anakusikiliza. Lakini nilipoanza kueleza aliizima simu, akavaa mabuti ya mpira, tukapanda wote.

Bernadeta alimpokea mlangoni kwa adabu zote, akamuuliza hali ya nyumbani kwao. Kisha akasema yeye haumwi, haendi popote, na atakayemshika panga analo. Glory akasema, "Sawa dada, sitakushika. Nitarudi tuongee tena."

Njiani akaniambia, "Mama, usimbishie. Lakini usimkubalie pia. Ambacho hujakiona, usiseme umekiona." Loo, nilikasirika! Ananifundisha mimi, niliyemjua Bernadeta kabla yeye hajazaliwa. Kisha nikakumbuka vigingi.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Mvua. Nimeonja.

Ijumaa, 5 Aprili

Mzee Laurenti ameniletea pakiti ya vidonge vilivyobaki mwaka ule. "Anakula mkononi mwako tu," akasema. "Visage kwenye uji. Hatajua."

Nikavipeleka kwa Glory nikiwa na hakika ni sumu. Akavigeuza, akasoma. "Ni dawa yake kweli. Ila imepitwa na muda, niachie niitupe. Na mama, tafadhali, usije ukamfichia dawa kwenye chakula. Siku akigundua hatakula kwa mtu yeyote."

Nikamwachia pakiti. Vidonge viwili nilikuwa nimeshavifunga kwenye ncha ya kanga. Sikumwambia.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Mvua haijui Idi. Nimempelekea pilau, nimeonja hadi mfupa.

Jumapili, 14 Aprili

Leo amesimama mtoni tangu asubuhi, maji kiunoni, anayalinda maji yasitiwe kitu. Mto umejaa, unashusha magogo na mawe. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Mzee Laurenti alisimama ng'ambo, hasogei, anajua akisogea Bernadeta atarudi kinyumenyume kwenye kina. Alitoka alipotaka mwenyewe, midomo imebadilika rangi.

Atakufa. Naliandika neno nilione. Shoga yangu atakufa, na mimi nimekaa naonja uji.

Jumanne, 16 Aprili

Nimefanya.

Nilivisaga vile vidonge kwa kitako cha glasi, nikavitia kwenye kikombe cha bluu, nikazidisha tangawizi na sukari, nikakoroga mpaka mkono ukauma. Na uongo niliupika pamoja na uji. Nitamwambia leo nimefunga, nalipa zile siku za Ramadhani, kwa hiyo siwezi kuonja. Nikajisifu kabisa kwa akili hiyo. Mtu mzima!

Akaja, akaketi mahali pake, akavuta kikombe.

"Onja kwanza, shoga."

"Leo nimefunga," nikasema. "Nalipa."

Akakirudisha kikombe mezani taratibu. "Unalipa zipi?"

"Zile nilizokula kwa ajili yako."

Akafikiri. Alikuwa na utulivu ambao sijauona tangu mvua zianze. "Ya Ramadhani yenyewe uliivunja kwa ajili yangu," akasema. "Leo ya kulipa ndiyo imekushinda?"

Ningejibu nini? Nikakinyanyua kikombe. Wallahi nilitaka kunywa, niliona heri nilale kutwa na mambo yaishe. Nikakifikisha mdomoni, uchungu ukanipiga ulimini, nikasita. Si kusita kwa muda, ni kama kupepesa jicho. Lakini macho yake yalikuwa kooni kwangu, na koo halikwenda.

"Kumbe na wewe," akasema.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga kelele. Alijitanda kanga akatoka mvuani, bila viatu, hata panga lake akaliacha mlangoni. Nikamfuata. Mwili wangu huu na mlima huu! Nilimpoteza kwenye migomba, nikabaki naita jina lake na mvua inalimeza.

Nimekaa na kile kikombe mbele yangu. Mwezi mzima nimekuwa nikimtafuta anayetia kitu kwenye chakula cha Bernadeta.

Jumatano, 17 Aprili

Amepatikana. Yu hai. Niandike hilo kwanza.

Tulimtafuta kutwa, wake kwa waume. Mzee Laurenti ndiye aliyemwona, jua likikaribia kuzama. Alikuwa ukingoni mwa korongo, amekumbatia kigingi. Ardhi iliyokuwa mbele yake imekatika yote, imekwenda chini na migomba yake. Upande ule vilisimama vigingi vichache, na yeye ameshikilia kimojawapo.

Wanaume walitaka kumrukia. Mzee akawazuia kwa mkono. Akaketi kwenye tope, mbali naye kidogo, akaanza kuimba wimbo wao wa Matawi, ile sauti ya pili, peke yake, kwa sauti ya uzee inayokatika. Aliimba akarudia. Mwisho Bernadeta akaachia kigingi, akatambaa upande wa juu, akatupita wote kama hatupo, akaenda nyumbani kwake akafunga mlango.

Nilibaki na mzee pale juu. Nikamwuliza juu ya vigingi.

"Alikuwa anapita hapa alfajiri, hatazami chini," akasema. "Nikajua ipo siku."

"Si ungeniambia, mzee wangu."

"Nilikwambia. Nilisema nazuia."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilidhani anataka shamba. Safari hii alinitazama usoni. "Nilipeleke wapi, mama? Wanangu ni wa ukoo wa mama yao. Kwetu amebaki Bernadeta wa kulishika. Akienda huyu, ukoo wetu umekwisha, na mimi nitakufa mgeni hapa."

Nikaona aibu mpaka masikio. Mimi mwenyewe Mluguru, kwetu ukoo na shamba hufuata mama, nalima shamba la mama yangu, kaka zangu hawana hata jembe pale. Hilo la mwanaume kulirithisha shamba la dada yake kwa wanawe nilitoa wapi? Nilikuwa nataka mwizi tu, basi nikampata wa karibu.

"Ile kamba ya mwaka ule nilikosea," akasema akiwa anainuka. "Hajanisamehe. Simlaumu."

Jumamosi, 20 Aprili

Bernadeta hali tena chochote kilichopita mkononi mwangu. Nampelekea ndizi mbivu hazijamenywa, na mayai ya kuchemsha na maganda yake, maana ganda zima halina pa kupitishia kitu. Naweka mlangoni, naondoka. Leo nimekuta maganda nje.

Jumanne, 23 Aprili

Glory alisema, "Mwambie ulichofanya."

"Si nitakuwa nimempa ushahidi kwamba tunamtilia sumu?"

"Utakuwa umempa kitu kimoja cha kweli," akasema. "Kwa sasa hana hata kimoja."

Nikaenda na kikombe cha bluu, kitupu. Nikasimama dirishani kwake. Nilijua yuko ndani kwa pumzi zake.

"Bernadeta, niliweka dawa kwenye uji. Vidonge vyako vya mwaka ule. Nilivisaga nikavificha, na nikakudanganya kuhusu funga. Uliona sawasawa."

Sauti yake ikaja karibu kabisa na mbao za dirisha. "Kwa hiyo mimi si kichaa."

"Kwa hilo, hapana. Uliona sawa, mwongo nilikuwa mimi."

"Na mpira wa maji?"

"Hakuna aliyetia kitu kwenye mpira."

"Na vigingi? Ulisema umeona."

"Niliona vigingi. Ubaya niliuongeza mwenyewe. Mjomba wako alikuzuia usianguke, na hukuanguka."

Nilijua linalofuata.

"Na chini ya gome?"

Ningeweza kukwepa. Mungu anajua nilitaka kukwepa. "Chini ya gome hapakuwa na mtu, shoga. Midalasini ya mama yako umeimenya wewe, kwa mkono wako."

Alilia kilio cha msibani. Nililia naye huku nje, nimeegemea ukuta wake wa udongo, mvua inanipiga mgongoni. Alipotulia akasema, "Lakini bado nawasikia."

"Najua. Sisemi huwasikii. Nasema mimi siwasikii, na sitakwambia tena nimeona nisichokiona."

Ijumaa, 26 Aprili

Amekubali. Kwa masharti yake, nami nimeyapeleka kwa kila mtu kama mjumbe wa posa. Hakuna kamba. Hakuna mwanaume wa kumgusa. Atakaa kiti cha mbele. Dawa ataitoa mwenyewe kwenye pakiti yake, na ataambiwa jina lake na kazi yake kabla hajaimeza. Glory amekubali yote, amepiga simu hospitali ya mjini wamsubiri.

Tuliteremka kwa miguu hadi gari linapogeuzia. Bernadeta aligoma mara mbili njiani, akageuka kabisa kurudi. Hatukumshika. Mzee Laurenti alitangulia mbele yake safari yote, mikono ameiweka nyuma, viganja wazi, ili anayemfuata aone havina kamba. Mwanaume wa umri ule, kwenye mteremko wa utelezi, bila kushika fimbo. Alianguka, akainuka, akairudisha mikono nyuma.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua. Hakuna wa kuonjea.

Alhamisi, 9 Mei

Amepiga simu kutoka wodini. Ameuliza kama bado naandika kitabu changu. Sikumbuki kumwambia mtu naandika. Nani kamwambia?

Jumatatu, 20 Mei

Amerudi. Uso umejaa, ulimi mzito, mikono inatetemeka akiinua kitu. Dawa haipendi, anasema inamfanya awe kama mtu aliyevaa koti la mwenzake. Wale wa chini ya gome wamepunguza kelele, hawajahama. Alipomeza kidonge cha jioni nilijikuta nimemkazia macho. Akanikemea. "Usinitazame kooni."

Jumapili, 9 Juni

Mvua zimekwisha. Mzee Laurenti amekata midalasini iliyokufa. Visiki vingine vimeanza kuchipua, vingi havijachipua. Bernadeta hupita akivikagua.

Kibandani kwangu hakuwa amekanyaga tangu siku ile. Leo alikuja sijawasha hata moto, ameshika chupa ya chai yake kwapani. Akachukua kikombe cha bluu, akakisuuza, akamimina. Uji, ameupika mwenyewe. Akanisogezea.

Nikasubiri. Hakufanya kitu.

"Hujaonja," nikasema.

"Sijaonja," akasema, macho yametua kooni kwangu.

Nikaangalia ndani ya kikombe. Haki ya Mungu, niliangalia, nikaunusa na kuunusa. Ulikuwa na tangawizi nyingi mno, na mimi najua mtu anazidisha tangawizi kwa ajili ya nini. Nikamtazama. Aliketi tu mahali pake, mikono yake inayotetemeka ameilaza mezani, anangoja aone nitafanya nini.

Nikanywa wote mpaka nikakomba kwa kidole. Hakuwa ameweka hata sukari.